Milango sita au minane? Namna komini inavyogawa kazi zake, na mahali petu pa kuuliza



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliachia "watu wa ofisi": namna komini inavyompa mtu au kampuni kazi ya kujenga mtaro, kuchimba kisima, kutoa takataka au kusimamia vyoo vya soko. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, si mwanasheria. Niliyoyajua nimeyajua kwa sababu ya aibu niliyoipata mwenyewe. Nitaanza na aibu hiyo.

Siku ya utepe

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa Septemba, tulipata vyoo vipya kwenye shule yetu. Komini ndiyo iliyotoa kazi hiyo kwa mjenzi mmoja. Vyoo vya zamani vilikuwa shimo na mabati, basi furaha yetu haikuwa ndogo. Siku ya kufungua walikuja wakubwa, utepe ukakatwa, vinywaji vikagawanywa. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wimbo wa kushukuru. Katikati ya sherehe direktere wetu aliitwa mezani, akapewa kalamu, akasaini karatasi tatu akiwa amesimama. Sisi tukapiga makofi.

Mvua za Novemba zilipoanza, udongo ulishuka upande mmoja. Milango miwili kati ya sita ikafungwa kwa waya ili mtoto asianguke. Tukabaki na vyoo vinne kwa shule yenye zamu mbili, asubuhi na mchana. Maji hayakuwako hata tone. Wavulana walikwenda nyuma ya ukuta. Wasichana walijizuia.

Mnanielewa, wamama. Katika darasa langu kulikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili, mwepesi sana katika hesabu. Siku moja alibaki amekaa kwenye benchi wakati wengine wametoka kucheza, sweta limefungwa kiunoni, ingawa joto lilikuwa kali. "Madamu, ninaomba niende nyumbani." Tangu siku hiyo, kila mwezi alikosa siku tatu au nne. Huo ulikuwa mwaka wa mtihani wa serikali wa mwisho wa primere. Hesabu za sehemu nilizifundisha yeye akiwa hayuko. Asilimia nilizifundisha yeye akiwa hayuko.

Mwezi wa kwanza tulikwenda komini, direktere na mimi. Mtu wa ofisi alitupokea vizuri, akafungua daftari, akasema: "Mwalimu, hiyo ni kazi iliyokwisha kupokelewa. Direktere wenu alisaini mwenyewe." Direktere aliinamisha kichwa. Nami nikakumbuka wimbo niliowafundisha watoto.

Swali la mama wa makala

Nilieleza mambo hayo katika mkutano wetu wa Jumamosi. Wengine walisema ni wizi tu, tuombe Mungu. Wengine walisema tuchange makuta tujenge wenyewe. Halafu mama mmoja anayeuza makala akauliza: "Hiyo karatasi aliyosaini direktere, ilisema nini? Mimi nikinunua mifuko kumi ya makala kwa gari, nahesabu mifuko kwanza, ndipo nasema nimepokea."

Hakuna aliyejibu. Mwalimu mwenye diploma ya ISP, mjumbe wa komite ya wazazi, muuguzi, wote kimya. Hatukujua karatasi ilisema nini, kwa sababu hatukuwahi kufikiri kwamba karatasi hiyo inatuhusu.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma na kuuliza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Komini inakwenda soko kwa niaba yetu

Katika karatasi za serikali kazi hizi zinaitwa "marché public". Neno hilo si baya kwetu, maana sisi ni watu wa soko. Komini ikitaka mtaro, inakuwa kama mama anayekwenda soko na pesa ya nyumba nzima. Pesa si yake peke yake. Kwa hiyo hawezi kununua kwa rafiki yake bila kuuliza bei mahali pengine, na akirudi nyumbani ni lazima aonyeshe alichonunua.

Pesa hiyo inatoka wapi? Sehemu inatoka kwetu moja kwa moja: tikiti ya soko tunayolipa kila asubuhi, taksi za komini, karatasi tunazolipia ofisini. Sehemu inapaswa kutoka juu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria ya 2008 juu ya miji, komini, sekta na shefferi inasema hizi nazo zina haki ya asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo. Kwa sisi wa nchi ya shaba kuna njia nyingine tena: kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatenga asilimia 15 ya malipo ya machimbo kwa mji, komini, sekta au shefferi ambamo madini yanachimbwa. Kufika kwa pesa ni hadithi nyingine, na kila mtu anajua hadithi hiyo. Lakini pesa inayofika, ndogo au kubwa, si zawadi ya mkubwa yeyote. Kwa hiyo mtaro si zawadi, na choo cha shule si zawadi. Wimbo wangu wa kushukuru ulikosea mahali hapo.

Sheria inayoongoza manunuzi hayo ni namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Inahusu serikali ya Kinshasa, majimbo, na pia komini na sekta. Inasimama juu ya mambo matatu: kila mwenye uwezo awe na njia ya kuomba kazi; wote watendewe sawa; mambo yafanyike wazi. Ukikumbuka hayo matatu, umeshashika nusu ya sheria.

Njia ya kazi moja, toka wazo hadi ufunguo

Niliwaeleza wamama wenzangu njia hiyo kwenye ubao, kama darasani. Nairudia hapa kwa ufupi.

Kwanza ni bajeti. Komini haiwezi kununua kitu ambacho hakimo katika bajeti yake. Burgumestre na wasaidizi wake wanatayarisha. Baraza la komini linapiga kura. Mnakumbuka kwamba mwezi wa Desemba 2023, siku tulipomchagua rais na wabunge, katika miji mikuu ya majimbo tulichagua pia washauri wa komini. Wengi tulitia alama haraka haraka mbele ya picha tuliyoijua, bila kuuliza mtu huyo atafanya kazi gani. Kazi yake kubwa ni hiyo: kupiga kura ya bajeti na kumwuliza burgumestre pesa imekwenda wapi.

Pili ni mpango wa mwaka. Sheria inataka ofisi iandike mapema orodha ya manunuzi yote inayotaka kufanya katika mwaka. Kikundi kidogo ndani ya ofisi, kinachoitwa "cellule" ya miradi na manunuzi, ndicho kinachoshika kazi hiyo na kutayarisha karatasi za kila kazi: ukubwa wa jengo, aina ya saruji, idadi ya milango, siku za kumaliza.

Tatu ni mwito. Njia ya kawaida ni "appel d'offres": komini inatangaza kazi, na wenye kutaka wanaleta bei zao katika bahasha zilizofungwa. Kwa manunuzi madogo kuna njia fupi ya kuomba bei kwa wauzaji kadhaa na kulinganisha. Kuna pia "gré à gré", yaani komini kuelewana na mtu mmoja tu bila mashindano. Sheria haikukataza njia hiyo kabisa, kwa mfano jambo likiwa la haraka ya kweli, kama daraja lililobebwa na maji. Lakini ni njia ya pembeni, yenye sababu zake na ruhusa yake. Ikiwa kila kazi ya komini inakwenda kwa njia ya pembeni, hapo tuulize.

Nne ni kufungua bahasha. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Bahasha hazifunguliwi chumbani. Zinafunguliwa katika kikao cha wazi, mbele ya walioleta bei, na bei zinasomwa kwa sauti. Baadaye watu wa komisheni wanachunguza. Mshindi si yule mwenye bei ndogo tu. Ni mwenye bei ndogo kati ya wale waliotimiza masharti yote. Mtu akileta bei ya choo kisicho na shimo, bei yake itakuwa ndogo kweli, lakini hicho si choo.

Tano ni kontrole na matangazo. Kuna idara ya kutazama karatasi kabla ya saini, na jina la mshindi linapaswa kutangazwa. Aliyeshindwa akiona ameonewa, anaweza kulalamika kwanza kwa ofisi iliyotoa kazi, halafu kwa ARMP, chombo cha taifa kinachosimamia manunuzi ya serikali.

Sita ni kazi yenyewe na mapokezi. Wamama, tieni mstari chini ya neno hilo. Mapokezi ni mawili. Ya kwanza ni ya muda: kazi imekwisha, watu wanakuja kuhesabu na kupima, wanaandika mabaya yote wanayoyaona. Halafu kinakuja kipindi cha dhamana kilichoandikwa katika mkataba. Ndani ya kipindi hicho, kikibomoka kitu kwa kazi mbaya, mjenzi anarudi kutengeneza kwa pesa yake. Kipindi kikiisha ndipo mapokezi ya mwisho, na hapo mjenzi yuko huru.

Direktere wetu alisaini mapokezi ya kwanza bila kujua. Mtu wa ofisi alipotuambia kazi "imekwisha kupokelewa", hakusema uongo. Alisema nusu ya ukweli.

Hesabu ya darasa la sita

Wengine watasema mambo ya bei ni ya mainjinia. Si hivyo daima. Mwaka 2024 nchi yetu nzima ilizungumza juu ya mkataba uliosainiwa mwaka 2021 wa kujenga mitambo ya maji 1.000 kwa karibu dola milioni 400. Mkataba huo ulikuwa wa serikali kuu, si wa komini, lakini somo lake linatufaa. Niliandika ubaoni: milioni 400, gawanya kwa 1.000. Watoto wangu walijibu kabla sijaweka chaki chini: karibu dola 400.000 kwa mtambo mmoja. Kisha mtoto mmoja akauliza: "Madamu, mtambo mmoja una nini ndani?" Hilo ndilo swali lililoleta mabishano makubwa, mpaka mambo yakafika kwa sheria. Lilikuwa swali la darasa la sita: kitu kimoja ni bei gani, na ndani yake kuna nini?

Basi tukisikia komini imetoa pesa fulani kwa mtaro, tuulize mtaro ni metro ngapi, halafu tugawanye. Kisha tumwulize fundi mwashi wa kartye yetu, yule anayetujengea nyumba, metro moja ya mtaro kama huo inakula saruji ngapi. Jibu lake halitakuwa la mwisho, maana kampuni inalipa kodi, gari na wafanyakazi. Lakini tukipata kwamba bei imepita ya fundi mara tano au sita, tutakuwa na swali zuri la kumpelekea mshauri wetu.

Kazi zisizoisha: takataka, soko, vyoo vya kulipia

Jengo linajengwa mara moja. Kuna kazi nyingine ambazo ni za kila siku: kutoa takataka, kusimamia soko, parkingi, kisima cha kuuza maji. Mara nyingi komini haifanyi yenyewe. Inampa mtu asimamie, naye anakusanya pesa kwetu na kuipa komini sehemu. Mikataba hiyo nayo inatakiwa kupita katika mashindano.

Hapa hatari ni ya namna nyingine. Mkataba wa mtaro ukiwa mbaya, tunapoteza pesa mara moja. Mkataba wa vyoo vya soko ukiwa mbaya, tunapoteza makuta kila siku kwa miaka. Mama anayeuza mboga akienda choo mara mbili kwa siku kwa franka 200, ni franka 400. Kwa siku 26 za kazi ni franka 10.400 kwa mwezi. Kwa mtu wa biashara ndogo, hiyo ni kilo za unga. Kwa hiyo tunapaswa kujua: nani aliamua bei ya 200? Je, msimamizi anaweza kuipandisha peke yake? Mkataba unasema vyoo vioshwe mara ngapi, na maji na sabuni ni juu ya nani? Mkataba unaisha lini? Maana mkataba usio na mwisho ni kama kumpa mtu soko kuwa urithi wake.

Tena tuulize nani atalipa mwaka wa pili na wa tatu. Kinshasa iliwahi kupata msaada wa Umoja wa Ulaya wa kupanga kazi ya kukusanya takataka. Mwaka 2015 msaada ulikwisha na mji ukaachiwa kazi yenyewe. Pesa ya kuendesha kila mwezi haikutosha, na takataka zikarudi barabarani. Magari na vituo peke yake haviondoi takataka. Kinachoziondoa ni malipo ya kila mwezi yaliyoandikwa na kuheshimiwa.

Tulichofanya sisi

Narudi kwenye vyoo vyetu. Mwezi wa tano tuliandika barua. Mama Prezida alisaini, na komite ya wazazi ikasaini pia. Hatukuandika neno wizi. Tuliandika hivi tu: tunaomba nakala ya mkataba wa vyoo vya shule na nakala ya karatasi ya mapokezi, kwa sababu kuna mabaya yaliyotokea. Tulichapa nakala mbili. Moja tuliiacha ofisini, ya pili tuliomba ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Muhuri huo mdogo ulitusaidia sana. Tuliporudi wiki tatu baadaye na kuambiwa "barua yenu hatuijui", tuliutoa kwenye mfuko.

Safari ya kwanza tulikwenda watatu. Safari ya pili saba. Safari ya tatu tulikuwa kumi na wanne, tumevaa vitenge vyetu vya umoja, tumekaa kimya kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi. Mshauri mmoja wa komini, kijana, alitukuta hapo. Aliuliza tunataka nini, akaingia ndani. Saa sita tulipata nakala. Mwezi ulikuwa wa saba.

Tulisoma chini ya mti wa maembe, neno kwa neno, mimi nikitafsiri kutoka Kifaransa. Mkataba ulisema milango minane. Ilijengwa sita. Ulisema tangi la maji la litri 5.000. Halikuonekana kamwe. Ulisema kila upande, wa wasichana na wa wavulana, uwe na mahali pa kunawa. Na ulisema dhamana ni mwaka mmoja baada ya mapokezi ya kwanza. Tulihesabu kwa vidole: mapokezi yalikuwa mwanzo wa Septemba. Tulibakiwa na majuma saba.

Tuliandika barua ya pili siku hiyo hiyo, tukitaja ukurasa na mstari. Sitawadanganya kwamba yote yalikwenda vizuri. Mjenzi alirudi, akainua upande ulioanguka na kuujengea ukuta wa chini wa mawe. Tangi lililetwa, si la litri 5.000, la litri 2.000. Milango miwili iliyokosekana haijajengwa hadi leo, na tunaendelea kuuliza. Lakini milango sita inafunguka, na mitatu ina komeo la ndani kwa ajili ya wasichana.

Yule msichana wangu hakuviona. Alikuwa amekwisha kufanya mtihani, akaanguka katika hesabu, somo alilolipenda. Alirudia mwaka. Sasa yuko sekondari, na mama yake yuko katika umoja wetu. Ninapofikiri kwamba tungeuliza siku ya utepe, au mwezi wa kumi na moja udongo uliposhuka, moyo unaniuma. Tulichelewa miezi minane kwa sababu tulidhani karatasi ni ya wakubwa.

Maswali ya kubeba mfukoni

Kateni sehemu hii, mwiweke pamoja na kadi yenu ya uchaguzi.

Kabla ya kazi: Je, kazi hii imo katika bajeti ya mwaka huu? Mwito ulitangazwa wapi? Waliomba wangapi? Bahasha zilifunguliwa siku gani, mbele ya nani?

Wakati wa kazi: Mkataba unataja nini hasa, kwa idadi na kwa metro? Bei ni ngapi? Kazi inaisha lini? Nani anakuja kutazama, na anakuja mara ngapi? Kwenye kiwanja tafuteni kibao kinachotaja kazi na mjenzi. Kama hakipo, ulizeni kwa nini.

Siku ya mapokezi: Atakayesaini kwa niaba yetu asisaini akiwa amesimama. Apewe karatasi siku moja mbele. Aende na mtu wa pili. Ahesabu milango, afungue maji, amwage ndoo aone maji yanakwenda wapi. Mabaya yote yaandikwe kwenye karatasi kabla ya saini.

Baada ya kazi: Dhamana inaisha tarehe gani? Andikeni tarehe hiyo ukutani, kama tunavyoandika tarehe ya likelemba. Mwezi mmoja kabla, tukague tena pamoja.

Maneno mawili ya mwisho

La kwanza ni kwa wenye hofu. Najua. Mama mmoja akiuliza peke yake, kesho meza yake ya soko inaweza kupata matatizo. Kwa hiyo tusiulize peke yetu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Barua iwe ya umoja, saini ziwe nyingi, maneno yawe ya heshima. Tusimtaje mtu kuwa mwizi wakati hatujasoma karatasi. Wapo watu wa komini wanaofanya kazi kwa uaminifu na mshahara unaochelewa. Nao wanafurahi wakiona raia wanajua sheria, maana inawapa nguvu mbele ya wakubwa wao.

La pili ni kwa wenye biashara. Baadhi yetu tunashona, tunapika, tunafyatua matofali. Komini nayo inanunua nguo za wafagiaji, chakula cha mikutano, matofali. Kwa nini tusilete bahasha yetu? Inatakiwa biashara iandikwe kwenye RCCM, iwe na namba ya kodi, na karatasi ya kuonyesha kwamba haina deni la kodi. Ni safari ndefu kwa mama mmoja, lakini wamama kumi wanaweza kuifanya pamoja. Na anayejua namna bahasha inavyoletwa, anajua pia namna inavyoweza kuchezewa.

Jumamosi ijayo, baada ya likelemba, tutachagua wamama wanne wa kufuata kazi za komini katika kartye yetu: mmoja kwa shule, mmoja kwa soko, mmoja kwa mitaro, mmoja kwa maji. Bajeti ya mwaka ujao bado haijapigiwa kura, na mshauri yule kijana amekubali kuja kutueleza kilichomo. Mje na daftari na kalamu. Anayejua kusoma akae karibu na asiyejua.

Na mkisikia utepe unakatwa mahali fulani, nendeni, mwimbe kama mnataka. Lakini milango ihesabiwe kwanza.